Draivu Tatu na Friji la Mama Mdogo

Mama mdogo alinipigia simu Jumamosi saa moja asubuhi, muda ambao kwake yeye ni mchana kamili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kile kidude chako cha kusomea CD bado unacho?"

Kidude kilikuwepo, tena si kimoja. Kama kinafanya kazi, hilo lilikuwa swali jingine na sikuulizwa. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza zito: alipigwa MRI ya mgongo, akapewa majibu ya karatasi pamoja na CD ndani ya bahasha. Daktari wa pili alitaka kuziona picha zenyewe, lakini kompyuta yake ni zile nyembamba za siku hizi, haina pa kuingizia CD. Akamwambia arudi nazo kwenye flashi. La pili alilitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayeagiza mali ya magendo: DVD ya harusi ya binti yake mkubwa, ya mwaka 2009. Deki imeikataa. Na wala hakutaka kuangalia harusi. Alitaka sehemu ya zawadi tu, maana kuna mtu wa upande wa wakwe amesema mbele za watu, tena msibani, kwamba lile friji walioanzia nalo maisha lilitoka kwao.

"Friji tulinunua sisi," akasema. "Na kwenye mkanda linaonekana."

Nikaingia stoo.

Niseme kwanza kwa nini mtu mzima ana stoo yenye draivu za CD. Kuanzia 2006 hadi 2012 nilikuwa na kibanda cha steshenari Temeke. Kutoa kopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, kulaminisha vyeti. Ila kilicholipa pango kilikuwa kuchoma CD: kaswida, mahubiri, kwaya, picha za mahafali, na kanda za harusi ambazo mpiga video alileta moja akataka arobaini kabla ya Ijumaa. Draivu zilikuwa zinakufa mikononi mwangu kama kuku wa kideri. Ninachokijua kuhusu vidude hivi nimekilipia kimoja kimoja, na karibu kila mara nilikilipia mara mbili: kwanza nilinunua draivu mpya, halafu nikagundua ile ya zamani haikuwa mbovu.

Draivu ya kwanza niliyoiwasha asubuhi ile iko ndani ya laptop kuukuu ambayo naihifadhi kwa sababu kibodi yake bado nzima. Nikaweka CD ya MRI. Ikazunguka, ikasita, ikazunguka tena, ikaniambia hakuna diski. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa. CD inarudishwa kwenye bahasha, mgonjwa anaambiwa arudi hospitali akaombe nyingine. Mimi huwa naichukulia hiyo kama kauli ya shahidi mmoja, na shahidi mwenyewe huenda haoni vizuri.

Nina bahasha yenye diski nne ambazo najua ni nzima: CD ya muziki iliyotoka kiwandani, DVD ya filamu ya kiwandani, CD niliyoichoma mwenyewe, na CD ya aina ile inayofutika na kuandikwa upya. Kila draivu inayonitilia shaka naisomesha zote nne. CD ya kiwandani hurudisha mwanga mwingi wa leza, ndiyo maana hata draivu iliyochoka huisoma. Ya kuchoma hurudisha pungufu kidogo. Ile ya kufutika hurudisha kama robo tu, au chini ya hapo. Basi draivu inayosoma ya kiwandani ikashindwa ya kufutika, lenzi yake ni chafu au leza imeanza kuchoka. Safisha kwanza, ndipo uhukumu.

Lakini laptop ile ilikuwa na jambo lingine. DVD iliisoma bila kigugumizi. CD zote, hata ya kiwandani, ilizikataa. Hilo lina maana moja karibu kila mara. CD husomwa kwa leza ya infraredi ambayo jicho halioni vizuri, ya nanomita 780. DVD husomwa kwa leza nyekundu, nanomita 650. Kwa hiyo draivu ya DVD ina leza mbili ndani ya kichwa kimoja, na mmoja anaweza kufa mwenzake akabaki anachapa kazi. Draivu kama hiyo usiisafishe, unaisumbua bure. Usiitupe pia. Niliiweka pembeni nikijua nitaihitaji kwa DVD ya harusi.

CD ya mama mdogo, kwa maneno mengine, haikuwa na kosa.

Draivu ya pili ni ya kompyuta ya mezani, ile pana ya inchi 5.25, ya LG, iliyonunuliwa 2010. Hii naipenda. Tatizo lake: ukibonyeza kitufe inanguruma kidogo, *mmh*, halafu kimya, trei haitoki. Kuna siku za nyuma fundi mmoja aliniambia kwa uso mkavu kabisa kwamba draivu yenye ugonjwa huo "imeungua mota", akaniuzia nyingine, akabaki na yangu. Wiki iliyofuata niliiona yangu dukani kwake, inauzwa. Alibadilisha mpira.

Ndani ya hizi draivu pana, mota ndogo ya kutoa trei hushika gurudumu la plastiki kwa mkanda wa mpira, mwembamba kuliko tambi. Mpira huo ukikaa miaka unalegea na kuota ulaini wa mafuta. Mota inazunguka, mkanda unateleza, trei haiendi. Kinachofanya hali iwe mbaya zaidi ni sumaku: kileleni mwa mhimili wa kuzungushia CD kuna kibanio chenye sumaku, na trei ikianza kufunguka mota inabidi ikiachanishe kwanza na mhimili huo. Hapo ndipo nguvu inapohitajika, na mkanda uliolegea hauna. Ndiyo maana draivu nyingine hukataa kufunguka ikiwa tupu lakini ikiwa na CD ndani hufunguka: CD inakaa katikati, sumaku haishikani sana.

Cha kufanya. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme. Mbele ya draivu, chini ya trei, utaona kitundu kidogo. Nyoosha klipu ya karatasi, iingize moja kwa moja mpaka uhisi kitu kinasukumika, endelea taratibu. Trei itatoka sentimita chache, malizia kwa mkono. Kwenye draivu nyingi mkanda unauona hapohapo trei ikiwa imetoka yote, na unaweza kuuchomoa kwa kibanio cha nyusi bila kufungua skrubu hata moja. Ukiwa huna mpya, uchemshe. Sitanii. Maji ya moto dakika chache, ukaushe, ufute gurudumu kwa spiriti mafuta yote yatoke, urudishe. Mpira husinyaa kidogo na kushika tena. Sio tiba ya kudumu, wangu huwa unanipa miezi, lakini miezi ya draivu ninayoiwasha mara sita kwa mwaka ni muda mrefu. Mpira wa kufungia noti nao nimeshawahi kuujaribu. Usijaribu, unene wake hauna mpangilio, trei inatoka kwa kurukaruka.

Draivu za laptop hazina mkanda. Trei yake hushikwa na kilango kinachofunguliwa kwa umeme na kusukumwa na springi, nyingine unavuta mwenyewe. Zikigoma, ni kitundu tu.

Trei ikatoka. Nikaiona lenzi, na juu yake utando kama wa macho ya samaki wa juzi.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu usafi wa lenzi ndio mahali watu wanapoua draivu zilizokuwa hai, na mimi ni mmoja wao. Mwaka 2007 nilichukua dawa ya kuondoa rangi ya kucha ya dada yangu. Nilifikiri: inayeyusha rangi, itashindwaje na vumbi? Ndani yake mna asetoni, na lenzi nyingi za draivu ni plastiki. Ilipauka mbele ya macho yangu, ikawa nyeupe kama ukungu wa Lushoto. Draivu ilikuwa na miezi mitatu. Dada alidai dawa yake pia.

Kinachofaa ni pombe ya isopropili, ile wanayotumia mafundi simu kusafishia bodi, yenye asilimia 90 au zaidi. Maduka ya vifaa vya mafundi pale Kariakoo wanayo. Spiriti ya famasia ya kusafishia vidonda ina maji mengi, na nyingine huchanganywa mafuta ili isikaushe ngozi. Mafuta hayo yakibaki kwenye lenzi umeondoa utando mmoja ukaweka mwingine. Chukua pamba ya masikio, ichovye, ikamue kwenye kitambaa mpaka isidondoke. Lenzi imening'inia kwenye nyaya nyembamba mno katikati ya sumaku, ili iweze kupanda na kushuka kufuata CD inavyoyumba. Ukiikandamiza unakunja nyaya hizo. Gusa kama unavyogusa kope ya mtoto aliyelala. Zungusha mara mbili, pamba kavu mara moja, subiri dakika tano. Na usipulize kwa mdomo. Mate yakikauka juu ya lenzi ni madoa, na kila mtu anayesema yeye hapulizi na mate, anapuliza na mate.

Zile CD za kusafishia zenye vibrashi vidogo nimezitumia. Kwa vumbi jepesi la juujuu zinasaidia. Kwa utando wa moshi hazifanyi kitu, zinapapasa tu. Na nyumba zetu za Pwani zina moshi: udi na ubani Alhamisi jioni, dawa ya mbu ya kuzungusha kila usiku, na jiko halipo mbali. Deki iliyokaa sebuleni mwa shangazi yangu Tanga ilikuwa inanukia udi mpaka kwenye bodi.

Jambo la usalama, nalo nitalisema mara moja. Usiwashe draivu ikiwa imefunguliwa ukachungulia lenzi kuona kama leza inawaka. Ya CD hutaiona sawasawa hata ikiwaka, na ya draivu inayochoma ina nguvu ya kutosha kukuharibia jicho kabla hujapepesa.

Ukishafungua, angalia na reli. Kichwa cha leza hutembea juu ya fito mbili za chuma, kutoka katikati kwenda pembeni. Grisi ya kiwandani ikikauka na kushika vumbi, kichwa kinakwama njiani. Dalili yake naijua kwa sikio: CD inaanza vizuri, inafika mahali, inakwama hapohapo kila siku. Kwa sababu data ya CD huanza karibu na tundu la katikati na kuzunguka kwenda nje, mstari mmoja mwembamba ambao ukinyooshwa unapita kilomita 5, kukwama "mahali palepale" kwenye diski tofauti ni habari ya reli, si ya diski. Futa grisi ya zamani, weka tone dogo la mafuta ya cherehani, sukuma kichwa mbele na nyuma kwa kidole. Tone. Nimeshakuta draivu iliyooga mafuta, lenzi na yote. Nimeshakuta pia mende amejenga maisha yake humo, lakini hilo halihitaji maelezo.

LG ikasafishika. Nikairudisha kwenye kompyuta, nikawasha, na Windows ikasema haiijui. Haipo kwenye orodha. Taa inawaka, trei inatoka na kuingia, lakini kwa Windows haijazaliwa. Kama ni wewe na umeona draivu ina alama ya njano kwenye orodha ya vifaa, na namba ya kosa ni 19, 31 au 39, usikimbilie bisibisi. Programu za kuchomea CD za zamani zilikuwa na tabia ya kujipachika kwenye rejista ya Windows, yaani daftari lake la mipangilio, chini ya kundi la draivu za CD, kwa majina ya UpperFilters na LowerFilters. Ukiiondoa programu vibaya, majina yanabaki yakiita kitu ambacho hakipo. Unayafuta hayo mawili, baada ya kuweka nakala ya rejista, unawasha upya. Mimi nilikuwa na programu ya 2011 humo. Kabla ya yote hayo, lakini, badilisha kebo ya SATA, ule waya unaounganisha draivu na bodi. Nusu ya "draivu zilizopotea" ambazo nimeletewa zilikuwa kebo. Zamani zaidi, enzi za kebo pana za IDE, ilikuwa ni kile kipini cha nyuma kuwekwa vibaya: vifaa viwili vyote bwana mkubwa kwenye waya mmoja, hakuna anayekubali kuwa mdogo.

Wakati Windows inajifikiria nilishachoka, nikapanda daladala kwenda Kariakoo kununua ya tatu.

Kuhusu kununua, nitakuwa muwazi: vidude vinavyouzwa sasa hivi vya kuchomeka USB, vyembamba, vyeusi, visivyo na jina linalosomeka, karibu vyote ninavyovifungua nakuta ndani draivu ya laptop ya kawaida iliyovalishwa ganda. Hilo si kosa. Kosa ni kwamba baadhi ya hizo draivu zimeshatumika maisha ya kwanza kwenye laptop ya mtu. Kwa hiyo naenda dukani na bahasha yangu ya diski nne. Muuzaji akikataa nijaribu hapohapo, nasema asante nahamia duka la pili. Wa tatu alikubali, huku akiniangalia kama mtu anayeonja nyanya zote gengeni.

Namba za spidi kwenye boksi usizihangaikie. Spidi ya 1 ya CD ni kilobaiti 150 kwa sekunde, na draivu pana zilifika 52, ambapo diski inazunguka karibu mara 10,000 kwa dakika na inavuma kama mashine ya kusaga. CD yenye ufa ikizungushwa hivyo inaweza kupasukia ndani. Kwa diski za zamani unataka draivu yenye subira, na ya laptop kwa kawaida hutosha. Blu-ray, kizazi kilichokuja baada ya DVD, usinunue isipokuwa unazo diski zake. Zinabeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja, nzuri sana, lakini sijawahi kuletewa moja Temeke, na Sony wenyewe waliacha kutengeneza zile tupu za kurekodia Februari 2025.

Anachokisahau kila mnunuzi ni umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampia 500. Draivu ikianza kuizungusha diski inataka zaidi ya hapo kwa sekunde chache, wakati mwingine mara mbili. Ikikosa, inabofya, *tak, tak*, inajizima, inajiwasha, na wewe unafikiri umeuziwa mbovu. Ndiyo maana nyingine huja na waya wenye vichwa viwili. Kwenye kompyuta ya mezani chomeka nyuma, kwenye bodi yenyewe. Matundu ya mbele hupitia waya mrefu mwembamba na hayana adabu. Na usipitishe kwenye kigawanyio kisicho na umeme wake.

Kama una nafasi mezani, hata hivyo, mimi ningekushauri utafute draivu pana ya mtumba kutoka kwenye kompyuta za ofisi zinazovunjwa. Zinauzwa kwa bei ya chipsi. Mota yake ina nguvu, lenzi yake ni rahisi kuifikia, na kwa diski zilizochakaa naiona inasoma vizuri kuliko nyembamba. Ila itahitaji kibadilishi cha SATA kwenda USB chenye adapta yake ya volti 12, kwa sababu mota inataka volti 12 ambazo USB haitoi. Kile kibadilishi chembamba cha hard disk za laptop hakitaiwasha.

Draivu mpya ilisoma CD ya MRI mara ya kwanza. Dakika tatu. Na hapa naomba mwenye mgonjwa asikilize: kopi kila kitu, folda zote na faili linaloitwa DICOMDIR, usichague. Majina ya faili humo hayaeleweki, hayana hata mkia wa kuonyesha ni picha, na mtu wa kwanza aliyemsaidia mama mdogo alikopi programu ya kufungulia peke yake, akaacha picha. Programu inayokuja ndani ya CD kwa kawaida ni ya Windows. Daktari mwenye Mac atatumia ya kwake, Weasis kwa mfano ni ya bure. Nikaweka kwenye flashi mbili. CD nikairudisha kwenye bahasha.

Saa kumi jioni. Sasa harusi.

DVD ilikuwa na stika ya duara imefunika uso mzima, bwana na bibi harusi wametabasamu ndani ya kopa. Stika hizi nilizibandika mwenyewe kwa mamia, na leo naziona kama dhambi. Gundi haikauki sawa, karatasi inavuta unyevu, diski inapinda upande. Kuibandua kwenye DVD si balaa kubwa kama kwenye CD, kwa sababu DVD ni sahani mbili za nusu milimita na ushee zilizogandishwa pamoja, data iko katikati kama nyama ya sambusa. CD ni tofauti: data iko juu kabisa, chini ya rangi ya jina, imekingwa na vanishi tu. Ukibandua stika ya CD unabandua na muziki. Ndiyo maana mkwaruzo wa juu ya CD unaua na wa chini hutibika. Inyanyue CD kwenye mwanga wa jua: ukiona vitundu vinapitisha mwanga, hapo hapana kitu tena.

Stika sikuigusa. Chini niliosha kwa maji na tone la sabuni ya vyombo, nikafuta kwa fulana ya pamba, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usifute kwa kuzungusha kama sahani ya pilau. Diski ina hesabu za kujisahihisha: kwenye CD mkwaruzo unaokata mstari wa data hadi milimita 2.5 hivi unaweza kufidiwa wote. Ukizungusha kitambaa chenye chembe ya mchanga, mkwaruzo unafuata mstari badala ya kuukata, na hesabu zinashindwa. Kulikuwa na mikwaruzo miwili mizito. Nikatumia dawa ya meno nyeupe ya kawaida, isiyo ya jeli, kusugua hapohapo mpaka ikang'aa. Inafanya kazi kwa CD na DVD. Kwa Blu-ray usithubutu, ngozi ya kuilinda data ni sehemu moja ya kumi ya milimita.

Deki bado ikakataa. Draivu mpya ikaifungua menyu, muziki wa taarab ukaanza, ikaganda waliposimama kukata keki. LG, ambayo Windows ilikuwa imeikubali, ikafika mbele zaidi. Ya laptop, yule mwenye jicho moja, naye ikafika anapotaka.

Hapo niliacha kuangalia, nikaanza kuvuna. Nilianzisha Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, nikatumia programu ya ddrescue. Kazi yake ni rahisi kuieleza: inakopi diski nzima kuwa faili moja, ikikutana na sehemu ngumu inairuka, inaandika kwenye daftari lake kwamba hapa sijapata, inaendelea. Ikimaliza unairudisha kwenye zile sehemu tu. Na utamu wenyewe ni huu: daftari lilelile unaweza kulihamishia kwenye draivu nyingine. Kila draivu ina lenzi yake, mkao wake, ukaidi wake. Sehemu ambayo moja haioni, nyingine huiona. LG ilifanya duru ya kwanza. Ya USB ikaongeza kidogo. Laptop, niliyoiacha usiku kucha kwenye stuli mbele ya feni, ikapata vipande ambavyo zile mbili zilivinyima.

Asubuhi shimo lililobaki lilikuwa dogo, na lote lilikuwa ukingoni mwa nje. Sikushangaa. Mpiga video alijaza diski mpaka mwisho, na mwisho wa DVD ni pembeni, pale vidole vinaposhika, pale stika inapovuta, pale unyevu unapoanza kuingia katikati ya zile sahani mbili. Mwanzo wa sherehe uko salama karibu na tundu. Mwisho wa sherehe ndio unaoumia. Na mwisho wa sherehe, harusi zetu, ni nini?

Nilimpelekea Jumapili baada ya chakula cha mchana. Flashi ya MRI aliitia kwenye mkoba bila kuitazama. Tukaweka harusi kwenye runinga, akasogeza kiti. Kukata keki, safi. Nasaha za wazee, safi, ndefu. Zawadi zikaanza: vyombo, mashuka, kitanda kinacheza begani mwa vijana. Halafu picha ikaanza kuvunjika vipande vya mraba, kijani na waridi, sauti ikikatika. Katikati ya vile vipande kukaingia kitu cheupe kirefu, kimebebwa na watu wanne wasio na nyuso.

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Nyuso zilikuwa mraba tupu. Mama mdogo akainuka, akaenda mpaka kwenye runinga, akaweka kidole chini kabisa ya kioo, kwenye pindo la gauni la mmoja wa wabebaji, sehemu pekee ya picha iliyotoka nzima.

"Kitenge hiki," akasema, "ni sare ya upande wetu. Nilikikata mimi."

Akaniambia nimpigie picha kwa simu.